Mfereji wa Pumamarca

Watu wengi wanaofika Ollantaytambo, mji mdogo wa milimani huko Peru, hawakai. Treni za kwenda Machu Picchu, magofu ya kale yanayosifika duniani, zinaondokea pale, na tangu alfajiri barabara inayoteremka stesheni hujaa watu wanaowahi behewa. Pesa yangu ilitosha kimoja kati ya viwili: treni hiyo pamoja na kiingilio cha huko iendako, au siku kadhaa za kulala, kula na kutembea kwa miguu bondeni. Nikachagua bonde. Mpaka leo nikisema nilifika Peru na Machu Picchu sikuiona, watu hunitazama kama mtu aliyekwenda Moshi akarudi bila kuuona Mlima. Wacha wanitazame.

Ollantaytambo iko mita zipatazo 2,800 juu ya usawa wa bahari. Cusco, nilikotoka, inakaribia mita 3,400, kwa hiyo ukishateseka kule siku mbili tatu kwa kichwa kuuma na pumzi kukatika, huku unateremka ukiwa umeshazoea. Nilipanga chumba kwa mama mmoja ndani ya mji wa kale. Wainka, waliotawala milima hii kabla ya Wahispania, waliugawa mji huo katika viwanja vya mraba: ua katikati, vyumba vikiuzunguka, mlango mmoja tu wa kutokea mtaani. Karne tano na ushei zimepita na mpango ni uleule. Kuta za chini ni zilezile, na watu wanaishi humo, wanaanika nguo uani na kuegesha pikipiki. Juu ya mlango wetu kulikuwa na jiwe moja refu la Kiinka, na chini yake kidogo imepigiliwa mita ya umeme. Ubavuni mwa kila mtaa unapita mfereji wa mawe, maji yanakimbia mchana na usiku. Usiku wa kwanza niliamka nikidhani mvua inanyesha, nikakumbuka kuwa ni Agosti, na Agosti huku ni kiangazi.

Saa moja asubuhi nilikuwa langoni kwenye ngome ya Wainka iliyo juu ya mji. Tiketi yake hukatwi ya pale peke yake. Unanunua moja inayokuingiza pia kwenye magofu ya Pisac, Moray na Chinchero, kwa hiyo ukiwa na siku moja tu unalipia na usivyoviona. Ndani unapanda ngazi za mawe zinazopita katikati ya matuta makubwa, mpaka juu kwenye hekalu ambalo halikumalizika. Pale ndipo yalipo mawe sita yanayopigwa picha na kila mtu: marefu kuliko mtu, rangi yake ya waridi iliyofifia, yamesimamishwa ubavu kwa ubavu, na kati ya jiwe na jiwe limepachikwa bamba jembamba la jiwe. Yametoka Kachiqhata, machimbo yaliyo ng'ambo ya Mto Urubamba, juu mlimani. Yaani yaliteremshwa mlima ule, yakavushwa mto, yakapandishwa mlima huu, bila gurudumu na bila mnyama wa kuvuta, maana llama, mnyama wa mizigo wa huku, hata umbembeleze vipi habebi zaidi ya kilo 30 hivi. Mengine hayakufika. Yamelala njiani hadi leo, na wenyeji huyaita mawe yaliyochoka.

Mbele ya yale sita nilisimama, nikashangaa, na mshangao ukaisha ndani ya dakika kumi. Ukubwa peke yake hauna mazungumzo marefu. Kilichonishika ni uwanda ulio chini ya ngome. Mwaka 1537 Mhispania Hernando Pizarro alikuja hapa na wapanda farasi kumkamata Manco Inca, mtawala wa Wainka aliyekuwa ameasi na kuuzingira mji wa Cusco. Kutoka juu ya matuta walimiminiwa mawe na mishale. Kisha Manco akafungulia mifereji, maji ya Mto Patakancha yakaufunika uwanda, farasi wakazama kwenye tope, na Wahispania wakarudi walikotoka usiku. Ushindi ule haukumweka Manco hapa. Baadaye alihamia Vilcabamba, na huko mabaki ya utawala wa Kiinka yakaendelea hadi 1572. Lakini fikiria: silaha iliyowashinda farasi siku ile ilikuwa mifereji ya kumwagilia mahindi.

Huenda mtu mwingine asingejali. Mimi ni wa Upare, na kwetu maji ya mfereji ndiyo siasa. Tuna ndiva, mabwawa madogo ya udongo na mawe yanayokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwa zamu, shamba hadi shamba. Mjomba wangu yuko kwenye kamati ya ndiva ya kijijini kwetu tangu sijaanza shule. Nilipowauliza watu pale ngomeni maji haya yanatoka wapi, mlinzi mmoja akanionyesha kwa kidevu juu ya bonde: fuata njia ya Pumamarca, utayakuta.

Nikanunua mahindi ya kukaanga kwa mama aliyekaa kona ya soko. Mahindi meupe ya bonde hili yana punje kubwa zisizo na haya, punje moja inajaza ncha ya kidole gumba, na yanasifika Peru nzima. Nikajaza chupa ya maji, nikafunga begi mgongoni, nikaanza kupanda.

Njia yenyewe ni ya saa mbili hadi tatu kwa mtu asiye na haraka, na haina tiketi. Inafuata Patakancha kwa juu, mto uko bondeni, na pande zote mbili kuna matuta. Hapo nilianza kuona tofauti. Yale ya ngomeni yamefyekwa nyasi kwa ajili ya wageni. Haya ya njiani yanalimwa. Kwenye moja kulikuwa na maksai wawili wenye vitambaa vyekundu pembeni, wanavuta plau, na mwanamke anafuata nyuma akidondosha mbegu. Kwenye jingine maji yalikuwa yamefunguliwa yalainishe udongo kabla ya kupanda. Kuta zimelalia kidogo upande wa mlima, na mahali pa kupandia kutoka tuta hadi tuta mafundi walichomoza mawe marefu ukutani, yakawa ngazi zisizokula ardhi hata hatua moja. Ndani ya matuta kama haya, kule yalikofukuliwa, chini hukutwa mawe makubwa, juu yake changarawe, juu kabisa udongo wa kupandia. Maji ya ziada yanashuka bila kuusukuma ukuta. Mawe yanashika jua la mchana na usiku yanalipa joto kidogo kidogo, na huko kwenye baridi kali hilo linaweza kuokoa mche.

Nikakuta watu mferejini. Wanaume kwa wanawake, wengine na sepeto, wengine na mundu, wanafyeka nyasi za kingo na kutoa mchanga uliojaa chini. Mzee mmoja alikuwa amesimama kwenye ukingo, shavu moja limetuna kwa majani ya koka. Kikechua, lugha ya wenyeji, nilikuwa nimefundishwa salamu tu.

“Allillanchu, papáy.”

“Allillanmi, mamáy,” akajibu, kisha akanitazama kwa makini na kuuliza kwa Kihispania kama natoka Chincha.

Chincha ni huko pwani ya kusini ya Lima, wanakoishi Waperu wengi wenye asili ya Afrika, vizazi vya watu walioletwa utumwani. Nilishaulizwa hivyo Cusco mara nyingi. Nikasema hapana, natoka Afrika, Tanzania. Kimya. Nikasema Kilimanjaro. Kijana mmoja akainua kichwa kutoka mferejini: huo anaujua! Yeye ni mpagazi kwenye ile njia ya miguu ya kwenda Machu Picchu, na wageni wake humsimulia milima mingine waliyopanda. Swali lake la kwanza halikuwa juu ya theluji wala simba.

“Wapagazi wa kwenu wanabeba kilo ngapi?”

“Ishirini.”

“Na sisi ishirini,” akasema. Sheria yao ya wapagazi ya mwaka 2001 ndiyo iliyoweka kiwango hicho. “Kwenye karatasi.”

“Na sisi kwenye karatasi.”

Alicheka mpaka akalazimika kuwatafsiria wenzake kwa Kikechua, nao wakacheka, na kuanzia hapo sikuwa mgeni wa kupiga picha tena. Nikaomba sepeto.

Kazi ile huitwa faena, na mtu wa Upare haihitaji maelezo: ni msaragambo. Kila kaya inatoa mtu. Mzee alikuwa na fimbo, anapima kipande cha kila kaya kwa urefu wa fimbo hiyo, na mama mmoja mwenye kofia ya rangi ya kahawia amekaa juu ya jiwe na daftari la mazoezi la shule, anatia alama majina. Kipande nilichosaidia kilikuwa cha mama mjane aliyeletwa na mwanawe mdogo. Tulichota mchanga, tukachomoa mizizi, tukarudisha mawe mawili yaliyolegea. Ukiwa umeinama mle ndani ndipo unaona ufundi. Mteremko ni mdogo kiasi kwamba macho hayaushiki, maji tu ndiyo yanaujua. Yangekwenda kasi yangekula kingo. Yangekwenda taratibu sana yangeacha mchanga mwingi. Nilifika mita 3,000 na ushei, nikichota mara tano napumzika mara mbili, na mjane yule aliyenizidi umri hakupumzika kabisa. Akaniwekea majani ya koka mkononi bila kuniuliza. Yanaacha ganzi kidogo ulimini na ladha ya nyasi chungu. Sijui kama yalinisaidia yenyewe au ni ule muda wa kusimama kuyatafuna.

Adhuhuri wakatandika vitambaa juu ya nyasi, na kila mmoja akamwaga katikati alichokuja nacho. Viazi vilitoka chini ya vifuko vya rangi: vyeupe, vya zambarau, vyekundu, vingine virefu vyenye mafundo ambavyo nisingejua hata pa kuanzia kumenya. Kulikuwa na mahindi ya kuchemsha, jibini, na kachumbari ya pilipili iliyosagwa na majani yenye harufu kali. Kulikuwa pia na chuño, viazi vinavyoachwa nje vigande kwa baridi ya usiku, vikikanyagwa kwa miguu kutoa maji na kukaushwa juani siku kadhaa, mpaka vinakuwa vyepesi na vyeusi na vinakaa ghalani miaka. Ndivyo vilivyojaza maghala ya Wainka, pamoja na mahindi. Maghala yenyewe unayaona bado yameng'ang'ania mlima wa Pinkuylluna juu ya mji, pale upepo unapovuma kuliko pengine pote. Ladha ya chuño? Udongo na ukungu. Naheshimu, siagizi tena.

Chicha ikazunguka kwa glasi moja. Ni pombe ya kimea cha mahindi. Aliyewahi kunywa komoni haitamshangaza. Kabla ya kunywa unamwagia ardhi kidogo, kwa ajili ya Pachamama, yaani Mama Ardhi, na mwezi wa Agosti hilo halisahauliki, kwa sababu wanasema mwezi huu ardhi iko wazi na ina njaa.

Hapo nikamuuliza mzee mfereji ni wa nani. Kijana akatafsiri. Mzee akasema ni wa Wainka. Nikasema ndiyo, lakini ni wa nani? Akafikiri, akaanza mbali. Baba yake aliusafisha mfereji huuhuu kwa amri ya mwenye hacienda, yaani shamba kubwa la bwana. Siku za wiki alimfanyia kazi bwana bila ujira, akabaki na siku chache za kipande chake, na maji yalifika kwa bwana kwanza; yakibaki, yalishuka kwa wengine. Kisha ikaja mageuzi ya ardhi ya Jenerali Velasco, mtawala wa Peru wakati huo, 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha letu. Hacienda zikavunjwa. “Siku ile mwenye shamba aliondoka,” mzee akasema, “mfereji ulikuwa umejaa mchanga. Tukausafisha.”

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi. Mfereji umepita mikononi mwa Inka, mikononi mwa Wahispania na wajukuu zao, na sasa uko kwenye daftari la mazoezi la yule mama. Hekalu halikupata bahati hiyo. Mfereji umepona kwa sababu kila aliyetawala bonde hili alitaka kula.

Nilipowaaga nikapanda kipande kilichobaki hadi Pumamarca. Ni kijiji cha ngome kilichokaa mahali mito miwili inapokutana, ukuta wa nje umekunjwakunjwa kwa pembe, nyumba za mawe na udongo zimesimama hadi usawa wa paa, na paa hakuna. Sikukuta mtu. Kulikuwa na ng'ombe wawili wakila nyasi ndani ya kilichokuwa sebule ya mtu. Ni pazuri, nenda ukipata nafasi, lakini nilikaa muda mfupi kuliko nilivyokaa mferejini.

Pale juu nilijibishana na nafsi yangu. Ni rahisi mtu kurudi nyumbani akihubiri kwamba Wainka walikuwa na ushirikiano na sisi tumeupoteza. Ukweli ni kwamba matuta haya yalijengwa kwa kazi ya zamu ambayo mtu hakuwa na ruhusa ya kuikataa. Dola iliwalisha wajenzi na kuwanywesha chicha, sawa, lakini pia ilihamisha jamii nzima nzima kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine kwa manufaa yake. Na sisi tunayo kumbukumbu ya matuta ya amri. Waingereza waliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta, na mwaka 1955 zikazuka ghasia. Usambara nako mpango wa namna hiyo ulichukiwa hadi ukafa. Udongo wa milima yetu kweli ulikuwa unaporomoka. Wakulima walijua hilo kuliko mabwana shamba. Walichokataa ni kuchimba ardhi yao kwa hesabu za mtu mwingine, wakati kodi na faini ziko palepale.

Tena kuna Engaruka. Nimefika huko, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na nimekanyaga matuta na mifereji ya mawe iliyojengwa na watu wa kwetu karne ileile Wainka walipokuwa wanajenga hapa. Walilima pale kwa karne kadhaa, na kufikia karne ya 18 walikuwa wameondoka. Mawe yapo, yamenyooka. Yamezungukwa na vumbi na mbuzi. Ukiiona Engaruka kwanza ndipo unapojua ni kitu gani unakitazama pale maji yanapokwenda kwa adabu juu ya Ollantaytambo.

Njia ya kurudi niliikatia chini, kupitia Munaypata, ambako barabara ya gari inapita. Mvua ya mawe ndogo ikanikimbiza chini ya paa la jiko la mama mmoja, akanivuta ndani. Sakafuni, kuzunguka mafiga, simbilisi zaidi ya kumi walikuwa wakitafuna majani na kulialia. Niliwahi kuona jiko la namna hii Njombe, simbilisi hawahawa, moshi huuhuu, na sikuwahi kujiuliza mnyama yule alitoka wapi. Alitoka hapa. Milima ya Andes ndiyo iliyomfuga maelfu ya miaka iliyopita. Nikamwambia mama kwamba kwetu Nyanda za Juu Kusini watu wanao, wanawala. Akauliza wanawachoma au wanawakaanga. Wanawake wa nchi mbili wakajadili chumvi kwa ishara za mikono, na simbilisi wakaendelea kula bila habari.

Yule kijana mpagazi alinikuta hapo, naye anateremka. Mvua ilipoacha, mawingu yakafunguka na mlima wenye theluji ukatokea upande wa chini wa bonde. Akanionyesha hadi pale theluji ilipofika babu yake alipokuwa kijana, kisha akashusha mkono, hapana, akaupandisha, kuonyesha ilipo sasa. Tangu miaka ya 1960 Peru imepoteza zaidi ya nusu ya eneo la barafu yake ya milimani. Nikamwambia ya Kilimanjaro nayo inakwenda. Tofauti ni kwamba sisi wa Upare tunategemea zaidi misitu na mvua, wakati mito yao ya kiangazi inakunywa kutoka juu kule. Kwake theluji ikiisha, ndilo daftari la yule mama litakalokuwa na kazi ngumu: kugawa zamu za maji ambayo hayatoshi.

Bajaji ikatufikisha mjini, bajaji zilezile za kwetu ila na mapazia yaliyotariziwa.

Usiku, hesabu ya saa ilipokubali kwamba Same kumekucha, nikampigia mjomba. Aliniachia niseme ya mawe sita bila kunikatiza, akasubiri yaishe. Nilipofika kwenye mfereji akaanza maswali. Upana wake? Umejengewa kwa nini, mawe makavu au udongo? Anayefungua ni nani? Anayeiba maji usiku wanamfanyaje? Hilo nilikuwa nimemuuliza mzee: anatozwa pesa na anakosa zamu yake inayofuata. Mjomba akaona ni adhabu ndogo. Zamani kwetu ilikuwa mbuzi.

“Na vijana wanakuja kwenye kazi?”

Nikamwambia waliopo wanakuja. Walio safarini kubeba mizigo ya wageni wanatuma faini kwa simu.

“Wanalipa kweli?”

“Mama wa daftari anasema wanalipa.”

“Unayo picha ya hilo daftari?”

Ninayo, nikamtumia, ukurasa wa mistari na alama, mama amefunika majina kwa kiganja. Kesho yake akajibu: mbona hakuna safu ya sahihi?